Bakuli la Kaka Tano

Chini ya ubao wa nyuma wa mtumbwi wa Saba Nhan kulikuwa na kopo la maziwa lenye kifuniko cha plastiki, na kwa miaka kumi na minane hakuna mpiga kasia aliyethubutu kuligusa. Mimi niliwahi kulifungua mara moja. Nilikuta vumbi.

"Wewe Tisa, huo mkono una macho yake?" aliniuliza kutoka nyuma yangu.

"Nilidhani ni pilipili, dada."

"Ni kaka yangu. Funga."

Nikafunga. Huyo ndiye Saba Nhan, na kama ungemwona siku hizo ungedhani ni mwanamke mgomvi tu wa mtoni, mfupi, mweusi kwa jua, kofia ya majani imefungwa kwa kitambaa kidevuni, mdomo haupumziki. Sisi tunaomjua tulijua kwamba alikuwa anangoja kitu kimoja tu maishani, nacho ni tarehe.

Kwetu Ben Tre mtoto huitwa kwa namba ya kuzaliwa. Tunaanzia Pili, ili pepo akija kumtafuta wa kwanza asimpate. Mimi ni Tisa, yeye ni Saba, na kaka yake, ambaye kwenye karatasi aliitwa Huynh Van Luom, nyumbani alikuwa Tano. Kaka Tano aliondoka mwaka wa Mbuzi, maana miaka yetu huitwa kwa wanyama, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili wa mwandamo, kwenda kujiunga na wapiganaji upande wa Cu Chi. Alikuwa na miaka kumi na minane, Saba kumi na tatu. Hakurudi. Cheti chenye mhuri kiko ukutani kwa Saba, lakini tarehe ya kufa haipo, na mwaka ulioandikwa waliuandika kwa maneno ya mama yake mwenyewe. Kwa hiyo cheti kinajua kile walichokuwa wanajua wao nyumbani, basi.

Sasa mtu wetu akifa, kila mwaka siku yake tunampikia. Tunamwita, anakuja, anakula, anaondoka. Usipojua siku aliyokufa unashika siku aliyoondoka nyumbani. Ndivyo wanavyofanya wote waliopotelewa, na hapa kwetu hakuna kichochoro kisicho na nyumba ya namna hiyo. Watu wamezoea. Saba hakuzoea.

"Ukimwita mtu siku isiyo yake anasikia nini?" alikuwa akituuliza tukisubiri foleni. "Yuko huko, siku yake inafika, kaka za watu wanaitwa, yeye haitwi. Ameketi. Nami nimeshampikia bata mwezi mwingine huko, bata limeliwa na binamu zangu walafi. Miaka arobaini na zaidi, sijui kama amewahi kula hata punje."

Kazi yetu ni kupiga kasia wageni. Wanaletwa na magari kutoka Saigon. Asubuhi wanapelekwa Cu Chi kutambaa kwenye mashimo ya vita, mahandaki walimoishi wapiganaji, mchana wanaletwa kwetu kupitishwa kwenye kijito katikati ya makuti ya majini, wanywe chai ya asali, wasikilize nyimbo, wanunue peremende za nazi. Vita na mto siku moja, jioni wako hotelini wanaoga. Wakishuka mtumbwini wanaacha udongo wa viatu vyao, na udongo huo ni wa Cu Chi, si wetu. Wetu ni tope jeusi, ule ni mwekundu. Saba alikuwa na brashi. Mgeni akishashuka anafagia, anakusanya kwenye kiganja, anatia koponi. Alisema likijaa atalizika kando ya mama yake, kaburi liwe na kitu ndani. Na kila mwongozaji wa wageni aliyepita aliulizwa: huko mashimoni hakuna mtu anayejua tarehe? Wakamcheka. Wengine wakasema tutauliza, shangazi, na hawakuuliza.

Mume alikuwa naye. Mume akakimbia na mwanamke muuza bata wa Tra Vinh, na Saba alisema hasara ni ya yule muuza bata. Binti yuko kiwanda cha viatu Binh Duong, anakuja sikukuu ya mwaka mpya, analala, anaondoka. Wazazi walishakufa, ndugu wamekwisha. Amebaki na nyumba ya makuti na bati, mtumbwi, na meza ya wafu yenye picha ya mama na nafasi tupu ya Kaka Tano, kwa sababu hata picha hakuwahi kupigwa.

Mwaka huo, siku chache kabla ya tarehe kumi na mbili, Khiem alileta mgeni mmoja peke yake. Khiem ni mwongozaji wa gari la binafsi, mwanamume wa miaka arobaini, mdomo mtamu, tumbo la bia. Mgeni alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi, Marit, muuguzi mstaafu kutoka nchi ya baridi, Norwe. Safari walilipia wawili, ila mume kaamka tumbo linamwendesha kwa sababu ya konokono aliokula jana yake, akabaki hotelini.

Saba alitazama viatu vya yule mama kabla hajamtazama uso.

"Khiem, viatu visafi. Umempitisha wapi?"

"Leo tumeanza na mto, shangazi Saba. Mchana maji yanatoka, kijito kitabaki tope tupu. Cu Chi tunaenda baada ya chakula."

"Basi leo sina changu. Panda, bibi, panda katikati, usikae ukingoni kama kuku."

Tukapiga kasia, mimi mbele, yeye nyuma. Mgeni akauliza kwa nini Saba alikuwa anatazama viatu vyake, Khiem akamweleza, kopo na kila kitu, na waongozaji bwana wanajua kueleza. Tulipofika gatini yule mama akasema maneno, Khiem akacheka.

"Shangazi, anasema kiti cha mumewe kiko tupu. Anasema twende."

Saba akaendelea kufunga kamba. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Niende na mzungu na mwanamume ambaye simjui hata mama yake?"

"Gari ni kubwa, shangazi. Mlete na shangazi Tisa akulinde nisikuibe."

"Wa kuniiba mimi atanirudisha kabla ya jioni. Tisa, unakuja." Hakuwa anauliza.

Alikimbia nyumbani kuvaa blauzi ya zambarau na kumchomea Kaka Tano udi. Nilimsikia kutoka nje. "Kaka, leo nakuja mimi. Usiende mahali."

Chakula tulikula mahali pa wageni, samaki mzima wa kukaanga aliyesimamishwa kwenye sahani, wali na mboga. Yule mama Marit alikuwa anajitahidi na vijiti vya kulia, masikini, na alipotaka kushika kamera akavichomeka wima katikati ya bakuli lake la wali ili mkono uwe huru. Saba aliruka. Alivichomoa kwa nguvu mpaka punje zikaruka juu ya meza.

"Mwambie asifanye hivyo. Mwambie."

"Anashangaa, shangazi. Taratibu."

"Ashangae akiwa hai. Mwambie vijiti wima kwenye wali ni vya maiti. Ukimchomekea mtu vijiti unamwambia wewe umekufa, njoo ule. Asijichomekee, na asimchomekee mumewe yule mwenye tumbo."

Khiem akatafsiri, mgeni akaomba radhi, akalaza vijiti kando kama anaweka mtoto kulala. Saba akambandulia minofu ya samaki akamtilia bakulini, ndiyo namna yake ya kusamehe.

Njiani ni mwendo wa karibu saa tatu. Saba hakutapika, mimi nilitapika. Tulipopita Saigon akaanza kunisimulia habari ya bakuli la kwanza, habari ambayo nilikuwa naijua kwa vipande tu.

Mwaka wa Nyani, uliofuata ule wa Mbuzi, alipita mtu na mtumbwi, akamkuta Saba anafua nguo mtoni, akamwambia kundi la kaka yako limekwisha, shimo liliwaangukia, hakutoka mtu. Akaondoka bila kunywa hata maji. Saba akampelekea mama habari. Mama akasema ni uongo. Kila jioni akipika alikuwa akibakiza wali wa Tano chini ya sufuria na kuufunika, kama unavyombakizia mtu aliye njiani, na kila asubuhi wali ule walipewa bata. Mwaka wa Nyani ukaisha, mwaka wa Jogoo ukaisha, mama anabakiza.

"Majirani walianza kusema," Saba aliniambia. "Walisema yule kijana anazurura na njaa kwa sababu mama yake hataki kumwita. Nikawa namwota yuko mlangoni amekonda. Nikamwambia mama, wewe ndiye unayemnyima. Nilimsumbua kila siku, Tisa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nina mdomo huu huu. Mwezi wa pili wa mwaka wa Mbwa, tarehe ileile aliyoondoka, akakubali. Akapika bata na tui. Akajaza bakuli la wali. Halafu akakaa chini na vijiti mkononi, hakuweza. Nikavichukua mimi nikavichomeka."

"Ulifanya vizuri, dada. Alikuwa na njaa."

"Nilifanya vizuri siku isiyo yake. Leo nitapata siku yake."

Cu Chi kuna miti mingi kuliko nilivyodhani, na watu wengi kuliko miti. Kuna mahali wageni wanalipa kufyatua bunduki za vita, na ya kwanza ilipolia Saba akachuchumaa njiani, mikono kichwani, palepale katikati ya Wakorea.

"Ni wageni wanacheza, shangazi," Khiem akasema akimwinua.

"Wanacheza," Saba akasema. Alijifuta magoti. "Hawana mpira kwao?"

Tuliona shimo. Akachungulia, akasema mbona pana. Khiem akasema limepanuliwa, wageni walikuwa wanakwama. Saba akachukua konzi ya udongo pembeni mwa mdomo wa shimo, wa kwake mwenyewe safari hii, si wa kiatu cha mtu, akaufunga kwenye leso. Kila mfanyakazi mwenye sare aliulizwa. Huynh Van Luom, wa Ben Tre, alikufa tarehe ngapi? Vijana wa miaka ishirini na mitano. Walikuwa na adabu. Walimwelekeza ofisi, ofisi ikamwelekeza kwenye hekalu la majina, majina ni maelfu kwa maelfu, na jina lake tulilikuta. Lipo. Mwaka uleule wa kwenye cheti. Saba alilipapasa kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akasema, "Hawa nao walimwuliza mama."

Wageni wakimaliza kutambaa wanakalishwa kwenye kibanda, wanapewa muhogo wa kuchemsha na karanga zilizotwangwa, chakula cha wapiganaji. Tukakaa. Aliyekuwa anamenya muhogo pembeni ni mzee mwenye mguu mmoja mkavu, fulana ya ndani, sigara sikioni. Wenzake walimwita Sita Kien. Anamenya haraka, hatazami kisu.

"Nyinyi si wageni," akatuambia. "Mmetoka wapi?"

"Ben Tre," nikasema.

"Watu wa nazi." Akatema mate pembeni. "Tulikuwa na mmoja wa kwenu kundini. Tulimwita Tano Nazi. Tuko shimoni hatuna hata chumvi, yeye anauliza muhogo huu mbona hauna tui. Nilitaka kumpiga kila siku."

Saba alikuwa ameshika kipande cha muhogo. Kikakaa hewani.

"Jina lake lingine?"

"Hatukutajiana majina ya nyumbani. Ukikamatwa ukiteswa, unataja nini usichokijua? Alikuwa hana ncha ya kidole hiki." Akainua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kisu bado mkononi. "Alisema anafua nazi, dada yake mdogo akamwita ghafla, akageuka, ncha ya kifuo ikamla."

"Nilimwita aje aone bata wametotoa," Saba akasema.

Mzee akaacha kumenya. Akachomoa sigara sikioni akairudisha.

"Wewe ndiye mwenye mdomo," akasema. "Alituambia ana dada mwenye mdomo."

Sijawahi kumwona Saba Nhan akicheka vile, na sikumwona tena. Alicheka na machozi yanatiririka, akamshika mzee mkono wenye kisu, mpaka nikaogopa watakatana. Khiem akamnong'oneza mgeni, mgeni akaziba mdomo kwa viganja.

"Kaka Sita, sitaki kingine. Sitaki mifupa, sitaki kitu. Nipe tarehe tu. Alikufa tarehe ngapi?"

"Mifupa singeweza kukupa. Tulimzika kwenye mianzi, matingatinga ya Wamarekani yakaja yakafyeka mianzi, mimi mwenyewe sipajui tena. Tarehe ninayo. Tarehe nne, mwezi wa tano. Kesho yake ni sikukuu ya tano ya tano, na tulikuwa tumeficha wali uliochachushwa tuule asubuhi tuue wadudu wa tumbo. Hakuufikia."

"Tarehe nne, mwezi wa tano. Tisa, umesikia? Shika na wewe, nikisahau unikumbushe. Nne, mwezi wa tano." Akaing'ata kama mtu anayeonja. "Mwezi wa tano, mwaka wa Nyani."

"Nyani? Hapana. Mbwa."

"Nyani, kaka. Shimo lilipoanguka."

"Shimo lilianguka mwaka wa Nyani, kweli. Sisi wachache tulitokea upande wa mto. Wakatangaza tumekwisha wote. Yeye alicheka sana, alisema sasa nyumbani watanichinjia bata nami sipo kulila. Akatuma mwanamke mmoja apeleke neno kwenu kwamba yuko hai, sijui kama alifika."

"Hakufika," Saba akasema.

"Basi alikufa njiani, wengi walikufa njiani. Tano tulikuwa naye mwaka wote wa Jogoo, mzima, mkorofi. Ni mwaka wa Mbwa, baada ya mwaka mpya. Mwezi wa pili hivi. Akaanza kunyauka. Homa, lakini homa tulikuwa nayo sote. Yeye alikataa kula. Ukimpa muhogo anasema nimeshiba. Mtu hana kitu tumboni siku mbili, anasema ameshiba, kaka Sita, kula wewe. Nilikula wa kwake. Mpaka leo namkumbuka nikimenya."

"Mwezi wa pili tarehe ngapi?"

"Dada, nitajuaje? Katikati ya mwezi."

Nilitaka kumziba mdomo yule mzee na muhogo wake. Hakujua. Alikuwa anatoa alichonacho, kwa moyo mweupe, kwa dada wa rafiki yake. Saba akaweka kipande cha muhogo kwenye sahani, polepole, akakisogeza mbali.

"Asante, kaka Sita. Asante kwa kumzika."

Mgeni hakuweza kujizuia tena, akamkumbatia. Alikuwa analia kwa furaha, mikono mirefu imemzunguka Saba mzimamzima, na juu ya bega lake niliona uso wa Saba, mkavu kama ubao. Khiem akatupanga, tukapigwa picha: mzee, muhogo, Saba, mimi.

Khiem alitushusha kituo cha mabasi cha magharibi. Mgeni akatupungia mkono mpaka gari likapotea. Tulikaa kwenye benchi kungoja basi la kwetu.

"Dada," nikaanza, "ni malaria. Mzee amesema mwenyewe wote walikuwa na homa."

"Wote walikula."

"Homa inakata hamu ya kula. Mimi nilipougua nilikuwa..."

"Alishiba, Tisa. Ulisikia neno. Alishiba nini?"

Nikachungulia barabarani kama basi linakuja.

"Alishiba bata la mama yangu. Alikuwa hai, anatembea, anadai tui, nikamchomekea vijiti. Nikamwambia umekufa, njoo ule. Akaja akala. Miezi miwili na nusu akaondoka." Alikuwa anatazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti. "Mama alijua. Mama alikuwa anambakizia wali, na wali ule ndio uliokuwa unamshika. Nikaja na mdomo wangu."

"Ulikuwa mtoto."

"Mkono ni huu huu."

Nilisema mengine mengi. Nilisema vita haviulizi bakuli la mtu, nikasema yule mzee ni mlevi, nikasema tarehe za watu wa shimoni ambao hata jua hawalioni ni za kubuni. Kila nililosema lilikuwa la kipumbavu, na nilijua, kwa sababu ningekuwa yeye nami ningeamini anachoamini. Niseme ukweli, naamini. Nimejaribu kutoamini.

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili ikafika. Binamu wakaja na matumbo yao, wakakuta jiko baridi. Saba aliwaambia siku si hii. Wakamwuliza siku ni ipi, akasema hajui. Alinitazama, nikafunga mdomo.

Nilidhani anangoja mwezi wa tano. Nilijipa moyo kwamba hasira zitapoa, huzuni itapoa, na tarehe ya kweli si anayo, atamwita mtu wake siku yake kwa mara ya kwanza. Tarehe nne asubuhi nikachinja bata mimi mwenyewe. Nikakuna nazi tatu nikakamua tui zito. Nikabeba vyote mpaka kwake.

Alikuwa amekaa sakafuni anakula, wali na dagaa, peke yake. Sufuria iko kando yake, ina kifuniko, juu ya kifuniko ameweka jiwe.

"Nimeleta bata, dada. Leo ni siku yake."

"Weka. Tutakula."

"Sufuriani kuna nini?"

"Wali."

"Wa nani?"

Akatafuna akameza. "Wa Kaka Tano. Yuko njiani."

Nikakaa chini. Meza ya wafu ilikuwa safi, udi wa mama unawaka, na ile nafasi tupu ilikuwa tupu, haina hata kikombe cha chai.

"Tangu lini?"

"Tangu tuliporudi. Kila jioni. Asubuhi wanapewa bata."

"Dada Saba. Kaka alikufa. Tumemwona aliyemzika."

"Najua."

"Basi mwite. Mkono wako hauwezi, nipe vijiti nichomeke mimi. Mimi si ndugu, sikumfanya kitu. Nitamwita vizuri, atakula, atapumzika."

Alinyanyua macho. "Ukivichomeka, Tisa, usipite tena mlango huu. Mtu hachomekewi vijiti tena katika nyumba hii. Hata mimi nikifa msinichomekee."

"Lakini ana njaa." Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka aumie, nilikuwa na hasira, bata linapoa. "Wewe ndiye uliyetufundisha. Yuko huko, wenzake wanaitwa, yeye haitwi. Unajua ana njaa."

"Najua," akasema.

Akaniwekea bakuli. Tukala lile bata, mimi na yeye, vijiti vimelazwa. Lilikuwa tamu, tui limekolea.

Mwezi wa sita ikaja bahasha kutoka Norwe, kwa mkono wa Khiem. Ndani kuna ile picha, kubwa, na karatasi. Khiem akasoma: yule mama anasema anawasimulia watu wote kwao habari ya dada aliyempata kaka yake, na kwamba ndiyo siku bora ya safari yake nzima. Saba akasikiliza mpaka mwisho, akasema mwambie asante, na mumewe anaendeleaje na tumbo. Picha aliniachia mimi. Ninayo.

Bado tunapiga kasia pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Maneno yamepungua. Wageni bado wanakuja mchana na udongo mwekundu kwenye viatu, wanauacha mtumbwini. Leso aliyorudi nayo kutoka shimoni sijaiona tena, wala sikuuliza. Vumbi la koponi alilimwaga kijitoni siku moja tukisubiri zamu, maji yakawa mekundu kidogo kisha yakawa kama kawaida. Kopo amebaki nalo. Mgeni akishashuka, Saba anachota maji kwa kopo lilelile, anaosha ubao, anayakumba nje.